Mwendo upi gari yako inakula mafuta kidogo? Niliyosema kwenye kikao cha madereva, Arusha

Wazee wangu shikamooni. Madereva wenzangu habari za asubuhi, na dada zetu wawili mliokaa kule nyuma njooni mbele jamani, viti vipo, kazi ya usukani ni yenu kama ilivyo yetu.

Mwenyekiti kanipa nusu saa na mada aliyonipa ni mafuta, nimeikubali haraka kwa sababu hili jambo limeninyima usingizi karibu mwaka mzima. Wote hapa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunashika simu kuangalia EWURA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, wametangaza bei kikomo ngapi, ikipanda tunalia, ikishuka tunashukuru, halafu tunaingia barabarani tunakanyaga vilevile kama jana. Bei hatuna mamlaka nayo. Mguu tunao wenyewe, na leo nataka niongee habari za mguu.

Gari yangu wengi mnaijua, ile Hiace ndefu ya dizeli, paa refu, gia tano za mkono. Tulitoa viti tukaweka kitanda, tanki la maji, jiko la gesi na kabati, wageni wanaikodi wanalala humo humo, wenyewe wanaita kempavan. Juu ina keria, na juu ya keria kuna boksi la mahema na viti vya kukunja. Ilipokuwa haijatengenezwa ilikuwa inatembea vizuri tu kwenye lita. Baada ya matengenezo nikaanza kuona mshale wa mafuta unashuka mpaka roho inauma, natoka Arusha kwenda Babati na kurudi nahisi kama tenki limetoboka. Nikalala chini ya gari kweli nikatafuta tundu, hakuna.

Nikapeleka gereji, jina silitaji kwa sababu sikuja kumsema mtu, wakaniambia nozo, zile za kunyunyizia dizeli kwenye injini, zimechoka zote nne. Nikabadilisha, nikalipa hela ambayo mama watoto mpaka leo anaiuliza. Nikatoka pale, gari ikala vilevile. Nikarudi, wakasema sasa itakuwa pampu. Hapo ndipo nikasimama.

Kuna mzee mmoja wa malori tunamwita babu, kaendesha barabara ya Dar miaka mingi sana, nikamkuta anakunywa chai nikamweleza. Hakuuliza nozo, hakuuliza pampu. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, unatembea ngapi?" Nikamwambia mia babu, barabara ikiwa nyeupe mia na kumi. Akaangalia gari, akaangalia lile boksi juu, akasema, "Umejitwisha kabati kichwani unakimbia nalo kwenye upepo, halafu unashangaa unahema?"

Hiyo ndiyo habari yenyewe ndugu zangu, mengine yote nitakayosema ni kuifafanua hiyo.

Gari ikitembea kwenye lami tambarare inapigana na vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni tairi kujikunja na kujikunjua chini ya uzito, hiyo haibadiliki sana ukiwa 50 au ukiwa 90, inategemea zaidi uzito uliobeba na upepo wa tairi. Cha pili ni hewa. Na hewa haina adabu, haiongezeki sawa na mwendo, inaongezeka kwa mwendo mara mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, hewa inakusukuma nyuma mara nne. Ukitoka 80 kwenda 100 umeongeza mwendo robo tu, lakini msukumo wa hewa umepanda kwa asilimia 56, yaani zaidi ya nusu. Ukitoka 80 kwenda 120 umefika mara mbili na robo. Kama huamini, siku umekaa abiria, barabara imetulia, toa kiganja nje ya dirisha kikiwa kimesimama kama unamzuia mtu, gari ikiwa 40. Utahisi upepo tu. Dereva akifika 80 mkono unarudishwa nyuma mpaka bega linajua. Sasa hicho ni kiganja. Uso wa Hiace yenye paa refu ni mkubwa kuliko mlango wa nyumba yako, na uko bapa, haujachongoka kama wa saluni, zile gari ndogo za chini, halafu juu yake umeweka boksi.

Ndiyo maana mwenye saluni ndogo akikwambia yeye anatembea 110 na gari haili, usibishane naye na usimuige. Yeye kainama chini ya upepo, wewe umesimama wima.

Sasa wapo watakaosema basi tutembee 40 tumalize kazi. Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea kinyume. Injini ikiwa inawaka inakula mafuta kwa ajili ya kujizungusha yenyewe, kusukuma oili, kusukuma maji, kuchaji betri, hata kama gari haiendi popote. Ukitembea 40 safari ya saa moja inakuwa saa mbili, na saa zote hizo injini inajilisha yenyewe kwanza. Tena 40 huwezi kuwa gia ya tano, uko ya tatu au ya nne, mizunguko iko juu kwa kazi ndogo. Kwa hiyo kuna mahali katikati. Chini yake injini inapoteza, juu yake hewa inakunyang'anya. Kwa magari yetu haya ya uso bapa mahali hapo panakuwa karibu na mwendo mdogo kabisa ambao gia ya mwisho inaushika bila injini kugonga wala kutetemeka. Kwa wengi itaangukia kati ya 60 na 80. Ila ipi hasa kwa gari yako sikuambii mimi, wala asikuambie mtu kijiweni, kapime.

Nilivyopima mimi ni hivi. Asubuhi tano, siku tofauti, saa 12 kabla upepo haujaanza na kabla malori hayajajaa, nilikuwa naanzia sheli moja upande wa Kisongo naenda mpaka Makuyuni, nageuza, narudi, naenda tena, narudi tena. Jumla kama kilometa 260. Siku moja nilishika 100, nyingine 90, nyingine 80, nyingine 70, nyingine 60. Kwenye vijiji, Meserani, Duka Bovu na kwingine kote kwenye vibao, nilishuka 50 siku zote tano sawasawa, kwa hiyo hiyo haikumpendelea mtu. Gari ilikuwa na mzigo uleule, maji kwenye tanki yaleyale, boksi liko juu. Matokeo niliandika kwenye daftari la mtoto la mraba, ninalo hapa, nawasomea. Mia, lita moja ilinipeleka kilometa 8.9. Tisini, 9.9. Themanini, 11. Sabini, 12.1. Sitini, 12 kamili.

Angalieni hapo mwisho. Kutoka 70 kushuka 60 sikupata kitu, nimepoteza muda tu. Lakini kutoka 80 kupanda 100 nimepoteza kilometa mbili nzima kwenye kila lita. Hizo ni namba za gari yangu na boksi langu na mzigo wangu, msizichukue mkaenda kugombana na bosi wenu kwamba gari yake lazima iende 12. Kinachofanana kwa wote ni umbo la hizo namba, kwamba chini kunakuwa tambarare halafu juu kunaporomoka kama ukingo wa korongo.

Mimi nikachagua 75. Sikuipima 75 yenyewe, nimekaa katikati ya sabini na themanini kwa sababu sabini malori yanakuja yanakusukuma mgongoni na hiyo nayo ni hatari, usalama wa mgeni una thamani kuliko robo lita. Kwa mwezi natembea kama kilometa 3000, nusu yake ni lami. Hizo 1500 za lami kwa mia zilikuwa zinakula karibu lita 169, kwa 75 zinakula kama 130. Hesabu lita shilingi 3000 ili iwe rahisi, ni zaidi ya laki moja kwa mwezi inabaki mfukoni. Najua mtu anawaza kwamba kupima kwenyewe nimechoma mafuta, ni kweli, siku tano zile zilikula zaidi ya lita 120, iliniuma, na zilirudi baada ya miezi mitatu na kidogo. Linganisha na hela ya zile nozo, ambayo haijarudi mpaka leo.

Kupima kuna mambo ya kuangalia, na hapa naomba anayeandika aandike. Jaza kwenye sheli ileile, pampu ileile, gari imesimama palepale imeangalia upande uleule, kwa sababu pale sheli pakiinama kidogo hewa inabaki kwenye tenki na unaweza kudanganywa lita nzima. Mwambie kijana ajaze mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, basi, asiongeze kubembeleza shilingi zikae sawa. Usipime kwa safari fupi. Ukikosea nusu lita kwenye lita tano umeharibu hesabu kwa asilimia kumi, lakini nusu lita hiyohiyo kwenye lita 25 ni asilimia mbili tu. Injini iwe imeshapata moto kabla hujaanza. Na usiamini mshale wa dashibodi bila kuuhakiki, mishale mingi inasoma zaidi ya mwendo halisi, na kama umebadilisha saizi ya tairi hata kilometa zako ni za uongo, weka simu na GPS pembeni ulinganishe. Mimi mshale wangu ukisema 80 simu inasema 75, maana yake miaka yote nilikuwa sijui hata natembea ngapi. Kwa hiyo namba zote nilizowasomea ni za simu.

La muhimu kuliko yote, pima kwenda NA kurudi. Nisikilizeni hapa kwa sababu nimesikia mabishano sana ya Moshi na Arusha. Mtu anasema nikitoka Arusha kwenda Moshi gari haili kabisa, nikirudi inakula, kwa hiyo mafuta ya Moshi ni mabaya. Jamani, Arusha iko kama mita 1400 juu ya bahari, Moshi iko mia nane na kitu mpaka mia tisa. Ukija Arusha unapanda karibu mita 500 hata kama macho yanakwambia barabara ni tambarare. Gari ya tani mbili na nusu kuinyanyua mita 500, ukipiga hesabu ya nguvu iliyomo kwenye dizeli na jinsi injini inavyoipoteza nyingi kwa joto, ni kama lita moja nzima ya ziada, mbali na ile ya kutembea. Sheli za Moshi zinasingiziwa bure, ni mlima.

Na upepo. Wote mnapajua pale kati ya Boma Ng'ombe na njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, ile mbuga ya Sanya, vumbi linavyovuka barabara mchana mpaka unawasha taa. Ukitembea 80 na upepo wa 20 unakuja usoni, kwa hewa wewe uko 100. Ile asilimia 56 unailipa bila kufika mapema hata dakika moja. Siku za namna hiyo mimi nashuka hata 65, na upepo ukiwa mgongoni narudi kawaida. Angalia vumbi, angalia majani, angalia kanga za akina mama wanaosubiri gari, utajua upepo unatoka wapi.

Kuhusu muda najua ndiyo swali la wengi, nimeona mikono. Moshi na Arusha ni kama kilometa 80. Kwenye karatasi ukishika 80 ni saa moja, ukishika 100 ni dakika 48, tofauti dakika 12. Lakini hiyo ni karatasi. Hesabu mwenyewe vijiji, Maili Sita, Kwa Sadala, Boma Ng'ombe, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru, kote huko ni vibao vya 50 na matuta na bodaboda, hiyo mia yako unaishika wapi? Vipande viwili vitatu tu. Unaokoa dakika tano unazimaliza pale Sakina kwenye foleni, na tochi ya trafiki ya kupima mwendo ikikukuta ni faini elfu 30, hiyo ni lita kumi zimeondoka kwa dakika tano. Wenye mabasi na magari ya abiria sheria imeshawawekea mwisho 80, kwa hiyo nyie kwenye mafuta mmesaidiwa, msiilaani.

Wala si sisi wa kwanza kuhesabu hivi. Wamarekani walipobanwa na mafuta mwaka 1973, mwanzoni mwa 1974 nchi nzima waliweka mwisho maili 55 kwa saa, ni kama kilometa 88, na sheria hiyo ilikaa mpaka 1995. Na wazee mliopo mbele hapa mnakumbuka hapa kwetu wakati wa Mwalimu Nyerere, Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yanalala kwa sababu ya mafuta. Naona mzee anatikisa kichwa.

Wenye Land Cruiser za tour zenye injini ya 1HZ, ile silinda sita lita 4.2 isiyo na turbo, nyie nguvu yenu ya kuvuta inafika juu kabisa kwenye mizunguko 2200. Mkipandisha mpaka 3000 kwenye lami ili mkimbizane na Noah mnachoma tu, gari ile haikutengenezwa kwa mbio na ukiweka paa la kufunguka na tairi la akiba na jeri keni huko juu ndiyo kabisa. Wenye Noah za otomatiki sikilizeni injini, kuna mwendo fulani ukitulia mguu mizunguko inashuka kidogo yenyewe kama gari imebadilisha gia nyingine, pale ndipo giaboksi imejifunga haitelezi tena. Tafuteni mwendo mdogo kabisa ambao hiyo inakaa, halafu muanzie kupima hapo.

Kuna kitu kimoja naomba tuache kabisa, kutoa gia kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Babu yangu yule alifanya hivyo zamani na mimi nilifundishwa hivyo. Kwa injini za sasa zenye kompyuta, ukiwa kwenye gia na umetoa mguu kwenye mafuta, sindano zinakata kabisa, hazimwagi hata tone mpaka mizunguko ikaribie silensa, yaani ile ya gari iliyosimama injini inawaka. Ukitoa gia ndiyo injini inaanza kula ili isizime. Kwa hiyo unakula mafuta, na breki zinapata moto, na ukiwa unashuka ule ukuta wa kutoka Karatu kuja Mto wa Mbu ukiwa na familia ya watu nyuma, breki zikikataa hakuna namna. Mimi pale nashuka gia ya pili, mwenye haraka apite.

AC, upepo wa tairi, vyote vina mchango. Tairi pima asubuhi likiwa baridi, namba ya gari yako imeandikwa kwenye nguzo ya mlango. Kukaa nyuma ya lori karibu ili likukinge upepo, ni kweli linakinga, na msifanye, mnajua wote tulivyozika watu kwa hilo.

Boksi langu la juu nimeshalishusha. Mahema yanakaa chini ya kitanda sasa, viti nimevifunga mlango wa nyuma kwa ndani. Keria yenyewe bado ipo, na bila lile boksi bado sijapima, kwa hiyo daftari lina kurasa nyeupe. Jumamosi hii saa 12 asubuhi niko Kisongo nimeshajaza. Anayetaka kuja na gari yake aje, tutaachana dakika kumi kumi barabarani tusibebane upepo, tukutane Makuyuni tunywe chai, aje na kalamu na simu yenye chaji. Dada zangu nyie mje na ile Noah, otomatiki sina hata namba moja kwenye daftari hili na nazitaka.